Kuweka kadi ya moduli ya huduma ndani ya ruta: maswali ninayoulizwa Lamu

Mimi ni fundi wa mitandao. Kazi zangu nyingi ziko Amu mjini na Shela, mara nyingine Mokowe, ng'ambo ya bara. Tangu nyumba za wageni, shule na ofisi zianze kununua ruta kubwa (mashine zinazounganisha mtandao wa ndani na intaneti) zilizokwisha kutumika kwingine, simu yangu haitulii: mtu kaletewa kadi, anataka kuichomeka leo hii. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi, na nimeyajibu kama ninavyomjibu fundi mwenzangu tukiwa kazini. Amri na namba nilizotaja ni za ruta za Cisco, maana ndizo ninazokutana nazo zaidi. Ruta za kampuni nyingine zina amri zao, lakini mambo ya mkono, umeme na chumvi hayabadiliki.

Kadi ya moduli ya huduma ni kitu gani hasa?

Ni ubao wa saketi unaoingia kwenye sloti pana iliyo nyuma ya ruta, ukaipa ruta kazi ambayo haikuja nayo. Ziko kadi zinazoongeza poti za nyaya, 24 kwa mara moja, ruta ikawa na swichi, yaani kigawanyi cha nyaya za mtandao, tumboni. Ziko nyingine ambazo ni kompyuta kamili: zina prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake wa kuendesha. Hizi za pili zinataka adabu zaidi. Ruta huzipa umeme na njia ya kupita tu. Kuwaka na kuzimika ni kwao wenyewe. Shika hilo, litarudi mbele.

Nitajuaje kama ruta yangu itaikubali?

Hesabu sloti kabla ya kutoa pesa. Cisco 2901 haina sloti ya moduli ya huduma hata moja. 2911 ina moja, 2951 ina mbili, 3945 ina nne. Kwenye mfululizo wa 4000, 4321 haina, 4331 ina moja, 4351 ina mbili. Wengi huchanganya 2901 na 2911 kwa kuwa majina yanafanana, lakini ukiziweka pamoja huwezi kukosea: 2901 ni nyembamba, hukaa nafasi moja ya raki, na 2911 hukaa nafasi mbili.

Kuingia pia si kufanya kazi. Kadi ya kizazi cha 2900 usiipeleke kwenye ruta ya 4000 kwa sababu tu upana umelingana. Muulize muuzaji namba kamili ya kadi iliyoandikwa kwenye kibandiko, uilinganishe na orodha ya mtengenezaji ya ruta yako na ya toleo la programu lililomo. Na kama kadi ni ya kutoa umeme kwenye nyaya kwa ajili ya simu za mezani na kamera, ruta lazima iwe na kifaa cha umeme kinachoweza kubeba mzigo huo. Kile cha kawaida kitawasha poti zote, mawasiliano yatapita vizuri, lakini kamera zitabaki giza, na wewe utashinda mchana kutwa ukitafuta kosa kwenye nyaya.

Jambo moja la kumweleza mteja bila kumficha: ruta za 2900 na 3900 ziliacha kuuzwa na mtengenezaji mwaka 2017, na msaada wake uliisha mwishoni mwa 2022. Bado ni mashine imara, lakini marekebisho mapya ya usalama hayaji tena. Mteja alijue hilo kabla hajalipa.

Kwa kweli naihitaji?

Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, naona huhitaji. Nunua swichi ya kando. Ikifa, unaichomoa na kuweka nyingine, na swichi hupatikana Mombasa siku yoyote. Ruta inaendelea na kazi yake bila kuguswa. Kadi ikifa imekufa ndani ya ruta, na kuitoa ni kuzima mtandao wa nyumba nzima. Kadi ina maana pale ambapo chumba ni kidogo, umeme wa akiba ni mchache, na mtu anataka seva na ruta zitumie waya mmoja wa umeme. Shule niliyoifungia moja ilikuwa na sababu hiyo: masomo yamewekwa ndani ya kadi, wanafunzi wanayasoma hata intaneti ikikatika. Hapo nilifunga kwa moyo mweupe.

Niandae vifaa gani?

Bisibisi ya msalaba na ya bapa, mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, kipima umeme, tochi, laptopu iliyojaa chaji na waya wa konsoli, ule wa kuiunganisha na ruta ili uandike amri. Ongeza kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, na bahasha chache za kufungia. Konsoli iweke kwenye kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Ijaribu kabla hujagusa skrubu yoyote.

Kwa nini kila mara unaanza na waya wa ardhi?

Kwa sababu huku ndiko kazi nyingi zinakoharibikia, na hakuna anayetazama.

Nilikwenda nyumba moja ya zamani huko Amu, zile zenye daka mlangoni na kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa. Ruta ilikuwa kwenye kabati la ukutani. Nilipoweka kiganja juu ya bati lake nikahisi mtetemo mwembamba, kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Nikamwambia mwenye nyumba, "Ami, stima hii ina athi, waya wa ardhi?" Akajibu, "Mwanangu, waya wa kijani umo tangu nyumba kutiwa stima." Nikazima swichi kuu, nikafungua soketi. Waya wa kijani ulikuwamo, kweli. Ulitoka kwenye soketi urefu wa kidole, ukaingia kwenye tundu la chokaa, na ukaishia humo, umekatwa, ncha yake imegeuka nyeusi. Haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Yule mzee alikuwa ameishi nao miaka yote hiyo akiamini unamlinda yeye na wajukuu zake.

Kwa hiyo pima. Umeme wetu ni volti 240: kati ya waya wa moto na wa ardhi upate karibu sawa na kati ya waya wa moto na wa nyutro, na kati ya nyutro na ardhi upate volti chache tu. Usipopata hivyo, acha ruta, mwite fundi wa umeme mwenye leseni. Hata ukipata hivyo, kipima umeme hakikuambii kama fito ya shaba iliyozikwa, ile ambako waya wa ardhi huishia, ni nzuri. Shela na sehemu nyingi za kisiwa ni mchanga, na mchanga mkavu ni mpitishaji mbaya wa umeme. Fito lazima ishuke hadi kwenye udongo wenye unyevu. Fupi iliyochomekwa juu juu kando ya ukuta ni pambo.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ukishachomoa waya wa umeme wa ruta, umeichomoa na ardhi yake pia, kwani athi ilipitia humo humo. Ndiyo maana nyuma ya ruta kuna mahali pa skrubu pa kufungia waya wa ardhi wa peke yake. Ufunge huo, usiutoe wakati wa kazi, na kibanio cha mkanda wako kikae kwenye bati la ruta mahali pasipo rangi. Mkanda wenyewe una kizuizi cha omu milioni 1 au zaidi, ili mkono ukigusa kitu chenye umeme usiwe njia yake ya kwenda ardhini. Waya wa kawaida uliofungwa kwenye kifundo cha mkono hauna kizuizi hicho. Usijaribu.

Hewa yetu imejaa unyevu. Umeme tuli unatoka wapi?

Unyevu huupunguza, hauumalizi. Chumba cha mitambo chenye kiyoyozi kina hewa kavu kuliko nje, na ukiongeza shati la polista na kiti cha plastiki, unao. Shida ni kwamba mwili wa binadamu hauhisi cheche mpaka ifike volti 3000 hivi, ilhali chipu zingine hudhurika chini ya volti 100. Unaweza kuua kadi bila kuhisi lolote. Na si lazima ife siku hiyo: hujeruhiwa, ikafanya kazi miezi kadhaa, kisha ikaanza kujizima yenyewe usiku, kila mtu akalaumu joto.

Kadi inatoka Mombasa. Niivushe vipi, na niifungue lini?

Iache kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, utie mfuko huo ndani ya bahasha ya kufungia, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Hapo Mokowe, panda nayo botini ukiwa umeipakata. Usiiweke sakafuni mwa boti, na ukifika gatini usiifunge juu ya punda na mizigo mingine. Wakati wa kusi mkondo wetu hurusha maji hata kwa safari fupi kama hii, na tone moja la maji ya bahari likikauka kwenye meno ya kadi linaacha chumvi.

Na chumvi ya bahari haikai kavu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka iyeyuke, na zile chumvi nyingine zilizochanganyika nayo huanza mapema zaidi. Kwa hiyo vumbi la chumvi unaloliona jeupe na kavu adhuhuri, usiku hugeuka maji yanayopitisha umeme kati ya pini na pini. Asubuhi limekauka tena, na kadi inafanya kazi kana kwamba haina kosa. Ukiambiwa "mtandao unakatika usiku, mchana uko sawa", safisha kabla ya kubadilisha programu.

Kuhusu kufungua: kitu kilichotoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi kikifunguliwa kwenye joto letu hutoka jasho kama chupa ya soda. Kiache ndani ya mfuko uliofungwa, saa kadhaa, mpaka kipate joto la chumba. Mimi huacha usiku kucha.

Naweza kusugua meno ya kadi kwa raba ya penseli?

La. Najua ni mazoea, na najua kadi huamka ukifanya hivyo. Lakini yale meno yamepakwa dhahabu nyembamba mno, na raba inaikwangua. Dhahabu ikiondoka, kilicho chini yake hupata kutu kwa hewa ya bahari, na baada ya muda mfupi unasugua tena. Tumia spiriti na kitambaa, futa ukielekea ncha, subiri ikauke kabisa.

Kabla ya kuzima ruta nifanye nini?

Hifadhi mipangilio kwa copy running-config startup-config, kisha toa nakala nje ya ruta, kwenye flashi au kwenye laptopu. Angalia toleo la programu kwa show version, na orodha ya vilivyomo kwa show inventory, uzihifadhi zote mbili. Piga picha ya nyuma ya ruta na uweke alama kila waya. Waambie wenyeji mtandao utazimika kuanzia saa ngapi. Hotelini muulize msimamizi wageni wanalipia saa gani, shuleni epuka siku ya mtihani.

Naweza kuchomeka ruta ikiwa inawaka?

Kwa mfululizo wa 2900, hapana. Zima, chomoa waya wa umeme, na kama kuna UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) chomoa kutoka kwenye UPS, kwani kuzima soketi ya ukutani kunaiacha ruta ikila betri. 3925 na 3945 zinaruhusu kubadilisha kadi kwa nyingine ya aina ile ile, ukitangulia kuiaga kwa hw-module sm 1 oir-stop na kungoja taa yake izime. Za mfululizo wa 4000 huagwa kwa hw-module subslot 1/0 stop. Hata hizo, kama unaweza kupata nusu saa ya kuzima, zima. Hakuna wa kukupongeza kwa kuchomeka ruta ikiwa hai, na ukikosea, kadi mbadala iko ng'ambo.

Kuingiza kwenyewe kukoje?

Legeza skrubu mbili za bati linaloziba sloti, ulitoe, ulitunze. Mulika tochi ndani: pande mbili za sloti utaona reli nyembamba, na mwisho kabisa, konekta ya ruta. Shika kadi kwa kingo zake na kwa bati lake la mbele. Vidole visiguse chipu wala meno. Kalisha kingo zote mbili kwenye reli, kushoto na kulia, na uhakikishe kwa macho. Sukuma taratibu kwa vidole gumba viwili, nguvu sawa pande zote. Itateleza bila ubishi, kisha karibu na mwisho utahisi ukinzani wa konekta, na msukumo mmoja thabiti utaikalisha, bati la mbele likilingana na mgongo wa ruta. Kaza skrubu kwa vidole kwanza, kushoto kidogo, kulia kidogo, ndipo umalize na bisibisi. Skrubu ni za kushikilia kadi iliyokwisha kukaa. Ukizitumia kuivuta ndani, umekosea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Shela, jua limeinama, nahodha ananiita chini. Kadi ilisimama imebaki nusu kidole. Nikaisukuma kwa kiganja, nikasikia "tak", nikakaza skrubu. Nilipowasha, taa ya kadi haikuwaka. Niliitoa, nikamulika: ukingo wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya reli, na pini mbili za konekta ya ruta zimelala kama mabua ya mtama baada ya upepo. Kadi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni sloti, na sloti haibadilishwi, ni sehemu ya ruta. Niliilipa ruta ile kwa miezi minne. Tangu siku hiyo, kadi ikikataa naitoa nje kabisa, natazama, naanza upya. Sijawahi tena kutumia kiganja.

Nimewasha, kadi haionekani. Nifanyeje?

Kwanza subiri. Kadi yenye mfumo wake huchukua dakika kadhaa kuamka, wakati ruta imeshakuwa tayari zamani. Kisha andika show inventory. Ikiwa imo kwa jina na namba yake, umeme na konekta ni salama, na tatizo liko kwenye programu au mipangilio. Ikiwa haimo na taa haiwaki, zima, toa, tazama meno na reli, rudisha. Ikiwa haimo lakini taa inawaka, ninashuku toleo la programu ya ruta: la zamani halimtambui mgeni. Kwa kadi ya kompyuta, service-module sm1/0 status itakuambia imefika wapi, na ukitaka kuingia ndani yake tumia session badala ya status.

Nimehamisha kadi sloti nyingine, mipangilio yake imepotea.

Haikupotea. Ruta huita poti kwa namba ya sloti: iliyokuwa 1/0 sasa ni 2/0, na mipangilio imebaki kwa jina la kwanza. Irudishe ilikokuwa au uiandike upya.

Nikiweka kadi, wifi itafika darini?

Haitafika. Kinachoizuia ni ukuta wa matumbawe, na hakuna kadi inayotoboa ukuta. Vuta waya kupitia kiwandani, uwanja ule wa ndani, ufunge kisambaza wifi juu.

Bati la kuziba sloti nimelipoteza. Lina haja?

Lina haja kubwa. Feni hupanga njia ya hewa kwa kutegemea kuwa sloti tupu zimezibwa. Ukiiacha wazi, hewa hupita njia ya mkato na sehemu za moto hubaki bila upepo. Ruta za 2900 zinaruhusiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40, na chumba chetu kisicho na dirisha hukaribia hapo mwezi wa pili na wa tatu. Pia sloti wazi ni nyumba. Nimetoa humo mayai ya mjusi kafiri, na udongo wa nyigu uliojengwa hasa juu ya konekta. Na ruta isikae chini ya makuti, kwani vumbi lake halikomi.

Nikitaka kuitoa au kuzima baadaye?

Kadi ya kompyuta izimwe kwanza yenyewe, kwa service-module sm1/0 shutdown, ungoje imalize, ndipo uzime ruta. Ukikata umeme ghafla, diski yake inaweza kuharibika kama ya kompyuta yoyote. Kwa sababu hiyo, penye umeme wa kukatika sikubali kufunga kadi ya aina hii bila UPS iliyopimwa ikiwa na mzigo.

Nimwachie nini mwenye nyumba?

Karatasi moja ndani ya plastiki, ibandikwe upande wa ndani wa mlango wa kabati. Iandikwe jina la kadi na namba yake ya mfululizo (serial) iliyopewa na mtengenezaji, sloti iliyomo, tarehe ya kufungwa, amri ya kuizima, nakala ya mipangilio ilipowekwa, na vipimo vya athi vya siku hiyo. Maneno ya siri ya kuingilia yaandike kwenye karatasi nyingine, umkabidhi mwenyewe mkononi. Msomee ile ya kwanza kwa sauti, mwonyeshe waya wa ardhi kwa kidole, na umwombe asikubali fundi yeyote aufungue bila kupima kwanza.